Silaha za nyuklia hupunguzwaje hatua kwa hatua? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Malindi na Lamu

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mada hii inapoguswa huku pwani ya kaskazini: kwenye mijadala ya shule za sekondari, barazani baada ya taarifa ya habari ya usiku, na tangu habari za mtambo wa umeme wa nyuklia uliopangwa Uyombo, Kilifi, zianze, hata sokoni na kwenye bandari za wavuvi. Mwenye haraka aanze na swali la ukaguzi, maana mengine mengi yanaliegemea hilo.

Kwa nini hatua kwa hatua? Si wakutane siku moja, wote waziteketeze?

Kwa sababu hakuna anayeamini kwamba mwenzake ametoa zote. Nchi mbili zikiwa na vichwa vya nyuklia (mabomu yanayofungwa kwenye makombora) 5,000 kila moja, anayeficha 50 hajapata cha maana. Zote zikishuka hadi sifuri, huyo mwenye 50 za siri ndiye atakayeiamuru dunia. Kwa hiyo kadiri idadi inavyoshuka, ndivyo ukaguzi unavyolazimika kuwa mkali zaidi, na ukaguzi wa namna hiyo haujengwi kwa mkutano mmoja. Unahitaji vyombo, wataalamu, sheria za ndani za kila nchi, na mazoea ya miaka ya kuruhusu mgeni aingie kambini.

Njia hii imeshaleta matokeo. Katikati ya miaka ya 1980 dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia zaidi ya 70,000. Mwanzoni mwa 2025 vilikadiriwa kuwa karibu 12,200, na takriban asilimia 90 ni vya Urusi na Marekani. Vilivyobaki ni vya China, Ufaransa, Uingereza, India, Pakistan, Israel na Korea Kaskazini. Anayesema mazungumzo hayajawahi kuzaa chochote hajazitazama tarakimu hizi. Lakini anayezitumia kujifariji naye amekosea: sehemu kubwa ya upunguzaji ilifanyika miaka ya 1990, kasi imepungua sana tangu hapo, na China sasa inaongeza.

Hatua ya kweli inatambuliwaje? Kila kiongozi anasema amepiga hatua.

Tazama mambo manne. Kuna idadi iliyoandikwa? Kuna tarehe ya mwisho? Kuna mtu wa nje anayeruhusiwa kwenda kuhesabu? Na imeelezwa nini kitafuata ahadi ikivunjwa? Likikosekana la tatu, hilo ni tamko, hata likitolewa kwa heshima zote za ikulu.

Mfano ulio karibu nasi ni Bahari ya Hindi yenyewe. Tarehe 16 Desemba 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2832 lililosukumwa na Sri Lanka, lilitangaza bahari hii kuwa eneo la amani. Kamati maalumu ikaundwa mwaka uliofuata. Hata hivyo mipaka ya eneo haikukubaliwa, hakukuwa na mkaguzi wala ratiba, na mataifa makubwa yenye manowari hayakuwahi kufungwa na lolote. Mwaka 1989 Marekani, Uingereza na Ufaransa zikajitoa kwenye kamati. Nia ilikuwa njema, na sisi tunaoishi ukingoni mwa bahari hii tulikuwa na haki ya kuitarajia. Ilikosa vipimo.

Hatua hizo hufuatana vipi?

Historia inaonyesha mpangilio unaojirudia, ingawa haukuandikwa popote kama sheria. Kwanza ni mawasiliano. Baada ya mgogoro wa makombora ya Cuba wa Oktoba 1962, Washington na Moscow zilikubaliana Juni 1963 kuunganisha laini ya dharura. Haikuwa simu ya kuongea. Ilikuwa teleprinta, ili kila neno libaki kwenye karatasi na mfasiri apate nafasi ya kufikiri.

Kisha huja majaribio. Agosti 1963 ulitiwa saini mkataba wa kupiga marufuku majaribio hewani, majini na anga za juu. Kwa nini chini ya ardhi pakaachwa? Hapo ndipo mtu ajifunze jinsi mambo haya yanavyokwama. Pande mbili hazikukubaliana ni mara ngapi kwa mwaka wakaguzi waruhusiwe kwenda kutazama mtikisiko wenye shaka: Marekani ilishuka hadi mara saba, Usovieti haikuvuka tatu. Kwa tofauti hiyo ya mara nne, majaribio yakaingia ardhini na kuendelea kwa miongo mitatu. Mkataba ulisafisha hewa tuliyokuwa tukivuta, lakini mbio za silaha haukuzisimamisha.

Hatua ya tatu ni kuweka kikomo bila kupunguza, kama Marekani na Usovieti zilivyofanya 1972. Ya nne ni kupunguza kwelikweli: mkataba wa Desemba 1987 kuhusu makombora ya masafa ya kati uliteketeza makombora 2,692 kufikia 1991, ya Usovieti 1,846 na ya Marekani 846. Yalilipuliwa, yakachomwa au yakapondwa, wakaguzi wa upande wa pili wakishuhudia. Hatua mbili za mwisho, yaani kuvunja vichwa vyenyewe mbele ya mkaguzi na kumaliza urani na plutoniamu iliyomo (metali zinazoleta mlipuko), bado hazijakamilishwa na mkataba wowote kati ya mataifa makubwa.

Lazima kuwe na mkataba? Nchi haiwezi kuanza yenyewe?

Inaweza, na imewahi kufanyika kwa kasi ambayo mkataba hauwezi. Tarehe 27 Septemba 1991 Rais George H. W. Bush alitangaza kwamba Marekani inaondoa silaha ndogo za nyuklia za ardhini pamoja na zilizokuwa kwenye meli zake. Mikhail Gorbachev akajibu kwa hatua zinazofanana tarehe 5 Oktoba, siku nane tu baadaye. Maelfu ya silaha zikatoka vituoni bila wabunge kupiga kura wala wanadiplomasia kubishana juu ya koma.

Ubaya wake ni ule ule wa ukaguzi. Kwa kuwa haukuwekwa, hadi leo hakuna mtu wa nje aliyezihesabu silaha ndogo za Urusi, na kila mazungumzo mapya yanajikwaa hapo. Maoni yetu ni kwamba njia hii inafaa kufungua mlango, kisha mkataba ufuate haraka kabla wakubwa walioaminiana hawajatoka madarakani. Gorbachev aliondoka kabla mwaka ule haujaisha.

Ukaguzi unafanywaje hasa?

Kuna ukaguzi wa aina mbili, na watu wengi huzichanganya.

Wa kwanza ni wa nchi zenye silaha, zinazokaguana zenyewe. Mkataba wa START Mpya kati ya Marekani na Urusi, uliotiwa saini Prague tarehe 8 Aprili 2010 ndio uliokuwa na maelezo kamili zaidi. Kila upande ulibaki na vichwa visivyozidi 1,550 vilivyo tayari, makombora na ndege 700 zilizo kazini, na mitambo ya kurushia isiyozidi 800 kwa jumla. Mara mbili kwa mwaka walibadilishana orodha nzima. Kila kombora lilikuwa na namba yake, na likihamishwa taarifa ilitumwa. Kisha kulikuwa na ukaguzi usiozidi 18 kwa mwaka, wa kushtukiza kwa kiasi: wenyeji waliambiwa ni kambi ipi baada tu ya wageni kuwasili nchini.

Kambi ikishatajwa, ilisimamisha uhamishaji. Kombora moja lilichaguliwa na wageni wenyewe, sehemu ya mbele ikafunguliwa, na vilivyomo vikafunikwa vitambaa ili umbo la siri lisionekane. Mkaguzi alihesabu vinundu chini ya vitambaa. Mwenyeji akidai kwamba kimojawapo si cha nyuklia, mkaguzi alikuwa na haki ya kukipima kwa kifaa cha kunasa nyutroni, chembe zinazotoka kwenye mali ya nyuklia.

Palipovuja ni hapa. Ndege ya mabomu ilihesabiwa kama kichwa kimoja ingawa hubeba zaidi. Vichwa vilivyokaa ghalani havikuhesabiwa kabisa. Ukaguzi ulisimama Machi 2020 kwa sababu ya korona na haukurejea tena, kisha Februari 2023 Urusi ikatangaza kusitisha ushiriki wake. Na mkataba uliruhusu nyongeza moja tu ya miaka mitano, iliyotumika 2021, kwa hiyo ukomo wake ulikuwa 5 Februari 2026 bila njia ya kuusogeza tena.

Ukaguzi wa pili ni wa Wakala wa Kimataifa wa Nishati ya Atomiki, IAEA, ulioanzishwa 1957 na wenye makao yake Vienna. Huu huenda kwa nchi zisizo na silaha, kuhakikisha kwamba mali ya mitambo ya umeme na utafiti haigeuzwi bomu. Wakaguzi wake wana kipimo cha hatari: kilo 8 za plutoniamu, au urani iliyorutubishwa sana yenye kilo 25 za urani-235, ile sehemu ya urani inayoleta mlipuko na ambayo kurutubisha ni kuizidisha. Kiasi hicho kikipotea kwenye hesabu, bomu moja linawezekana. Urani ya mgodini ina asilimia 0.7 tu ya urani-235. Ya mtambo wa umeme huwa 3 hadi 5. Ikifika 20 huitwa iliyorutubishwa sana. Ya bomu hukaribia 90. Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba kazi kubwa iko mwanzoni. Ukishafika asilimia 20 umeshamaliza sehemu kubwa ya jasho la kufika 90, ndiyo maana wakaguzi hushtuka mapema.

Vifaa vyao ni lakiri zisizofunguka bila kuacha alama, kamera zisizozimwa, mizani, na vipande vya pamba vinavyofutwa juu ya meza na kuta. Chembe isiyoonekana kwa macho iliyobaki kwenye pamba hiyo hueleza urani ilirutubishwa hadi wapi. Baada ya vita vya Ghuba vya 1991 iligundulika kwamba Iraq ilikuwa na mradi wa siri, sehemu yake ikiwa ndani ya vituo vilevile ambavyo wakaguzi walikuwa wakivitembelea, kwenye majengo wasiyoruhusiwa kuingia. Ndipo 1997 ikatungwa Itifaki ya Nyongeza, inayowapa haki ya kufika hata mahali ambapo nchi haikupataja.

Kichwa cha nyuklia kikishaondolewa kinaenda wapi?

Kuondolewa kwenye kombora si kuvunjwa. Vingi hukaa ghalani kwa miaka, na vikitakiwa hurudishwa. Kuvunja kwenyewe, kwa upande wa Marekani, hufanyika Pantex karibu na Amarillo, Texas: baruti ya kawaida hutenganishwa kwa uangalifu na kiini cha plutoniamu, baruti huchomwa, kiini huhifadhiwa.

Urani ni rahisi kuimaliza, maana huchanganywa na ile hafifu ikawa kuni ya mitambo ya umeme. Kati ya 1993 na 2013 Urusi ilipunguza nguvu ya tani 500 za urani ya mabomu, sawa na vichwa takriban 20,000, ikaiuzia Marekani, na taa za Wamarekani zikawaka kwayo. Huu ndio mpango tunaoupenda kuliko yote katika historia hii, kwa sababu ulikuwa na biashara ndani yake na kila upande ulikuwa na sababu ya kuutimiza.

Plutoniamu ni ngumu zaidi. Kuichanganya hakuiondolei uwezo wa kulipuka kwa wepesi huo, na nusu yake tu ndiyo huisha baada ya miaka 24,100. Mwaka 2000 nchi hizo mbili ziliahidi kuondoa tani 34 kila moja. Marekani ikabadili njia kwa sababu ya gharama, Urusi ikasitisha makubaliano mwaka 2016.

Kuna nchi iliyowahi kuacha kabisa?

Moja ilitengeneza yenyewe kisha ikaacha, nayo ni ya bara letu. Afrika Kusini ilikuwa na mabomu sita kamili. Serikali ya F. W. de Klerk iliamua kuyavunja, ikajiunga na mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, NPT, Julai 1991, na tarehe 24 Machi 1993 de Klerk akaliambia Bunge kwamba yaliwahi kuwepo.

Mpangilio huo ulileta taabu yake. Mabomu yalivunjwa kabla wakaguzi hawajafika, na michoro ikaharibiwa. IAEA ikabidi ithibitishe kitu kisichokuwepo tena. Walifanya hivi: walichukua kumbukumbu za kila siku za mtambo wa kurutubisha, wakakokotoa ni urani kiasi gani ingeweza kutoka, wakapima mabaki hafifu yaliyoachwa nyuma, wakalinganisha na kilichowasilishwa. Hesabu ya mabaki ilikuwa na mashaka mwanzoni na ilichukua muda kuinyoosha. Iliwezekana kwa sababu waliohusika walifungua milango na kuwaruhusu mafundi wa zamani wahojiwe. Urani yenyewe haikuondoka nchini. Sehemu yake ilitumika kwenye utafiti na dawa, chini ya ulinzi wa wakaguzi.

Ukraine ilitoa silaha zake, ikavamiwa. Nani atakubali tena?

Hili ni swali zito, na wanafunzi wanaolitoa kwenye mdahalo wana haki ya kujibiwa bila kupapaswa.

Usovieti ilipovunjika, vichwa vya masafa marefu takriban 1,900 vilibaki ardhi ya Ukraine. Amri ya kuvifyatua ilikuwa Moscow. Desemba 1994, mjini Budapest, Urusi, Marekani na Uingereza zilitia saini waraka wa kuheshimu mipaka ya Ukraine, na kufikia Juni 1996 kichwa cha mwisho kilikuwa kimehamishwa. Mwaka 2014 Urusi ikaichukua Crimea, na 2022 ikaingia kwa vita kamili. Ongeza Libya, iliyoacha mradi wake Desemba 2003 na kiongozi wake akaangushwa 2011, na utaelewa kwa nini Korea Kaskazini haisikii la mtu.

Kosa la Budapest liko kwenye maneno. Ahadi zake zilikuwa hakikisho, hazikuwa dhamana. Waraka ulisema pande zitashauriana, na palipohitajika hatua ulielekeza kwenye Baraza la Usalama, ambako mvunja ahadi mwenyewe ana kura ya turufu. Hakukuwa na mlinzi, adhabu wala fidia. Anayeandika makubaliano kama hayo kesho lazima aanzie hapo.

Hata hivyo Kazakhstan na Belarus nazo zilitoa miaka hiyohiyo, na Kazakhstan imeishi bila silaha hizo kwa utulivu. Hiyo ndiyo nchi iliyobeba majaribio 456 ya Usovieti huko Semipalatinsk, na ilikifunga kituo hicho tarehe 29 Agosti 1991 kwa shinikizo la raia wake.

Mkataba wa Pelindaba unatuhusu nini sisi wa Lamu na Malindi?

Unatuhusu moja kwa moja. Mkataba huu, unaoifanya Afrika eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulitiwa saini Cairo tarehe 11 Aprili 1996, ukaanza kazi 15 Julai 2009 Burundi ilipokuwa nchi ya 28 kuuridhia, na Kenya ni mwanachama. Mizizi yake ni Reggane, kwenye jangwa la Algeria, ambako Ufaransa ilifanya jaribio lake la kwanza tarehe 13 Februari 1960. Hadi 1966 yalifika 17. Viongozi wa Afrika walitoa azimio la bara lisilo na nyuklia Cairo mwaka 1964. Kutoka azimio hadi mkataba ulio na nguvu ikapita miaka 45.

Unakataza kutengeneza, kuweka, kujaribu, na hata kufanya utafiti wa silaha hizi, na pia kutupa taka za nyuklia kwenye eneo la Afrika. Kifungu cha 11 kinakataza kushambulia mitambo ya nyuklia iliyo barani. Itifaki zake zinazitaka nchi tano zinazotambuliwa na NPT ziahidi kutotutisha kwa silaha hizo. Urusi, China, Uingereza na Ufaransa zimeridhia. Marekani imetia saini tu. Kisiwa cha Diego Garcia, kwenye funguvisiwa la Chagos, ni fundo lisilofunguka vizuri, kwa sababu ramani ya mkataba inakiingiza huku Uingereza ikikataa kwamba kinabanwa.

Basi meli yenye nyuklia haiwezi kutia nanga bandari ya Lamu?

Hapa watu wengi hukosea. Kifungu cha 4 kinakataza kuwekwa kwa silaha nchini, iwe Lamu, iwe Manda, iwe kwingineko. Lakini kinamwachia kila mwanachama aamue mwenyewe kuhusu meli au ndege ya kigeni inayopita au kuzuru. Uamuzi ni wa Nairobi, na mkataba haumlazimishi yeyote kuutangaza. New Zealand ilichagua kukataa, ikaiandika marufuku hiyo kwenye sheria yake ya 1987. Kumbuka pia kwamba meli inayoendeshwa kwa nishati ya nyuklia ni kitu kimoja na meli iliyobeba silaha ni kingine.

Chini ya maji, mkataba wa 1971 unakataza kupanda silaha za nyuklia kwenye sakafu ya bahari nje ya maili 12 kutoka pwani. Nyambizi inayopita haihusiki nao.

Mtambo uliopangwa Uyombo ungetufanya tuwe na bomu?

Hapana. Mtambo wa umeme hauwezi kulipuka kama bomu, na urani yake ya asilimia 3 hadi 5 haitoshi. Nchi ya NPT kama Kenya ingelazimika kuufungulia IAEA mlango hata kabla kuni ya kwanza haijafika. Sehemu zinazotia wasiwasi wa silaha ni mbili: mashinepewa za kurutubisha (mitungi inayozungushwa kwa kasi kubwa), na kiwanda cha kuchuja plutoniamu kutoka kuni iliyotumika. Nchi inayonunua kuni nje na kuirudisha haina yoyote kati ya hizo.

Hoja za watu wa Uyombo, yaani mkondo wa Mida, msitu wa Arabuko-Sokoke, uvuvi, na mahali pa kuweka taka, ni hoja za mazingira na riziki. Ni halali kwa miguu yake yenyewe na hazihitaji kuongezewa bomu ili zisikike. Ukizichanganya, mjuzi wa upande wa pili atalipangua la bomu kwa dakika moja, na mengine yataanguka nalo.

Na roketi za Ngomeni?

Kituo cha Waitaliano kilicho Ngomeni kilirusha roketi za Scout kati ya 1967 na 1988, ikiwemo iliyobeba satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Roketi ya satelaiti na kombora ni ndugu: injini zinafanana. Kinachotofautisha ni kichwa kinachostahimili joto la kurudi ardhini na uelekezaji wake. Ndiyo sababu kanuni za mwenendo za The Hague za 2002 huzitaka nchi zitoe taarifa kabla ya kurusha, hata kama ni satelaiti. Mkataba wa anga za juu wa 1967 unakataza kuzungusha silaha za nyuklia kwenye obiti.

Likilipuliwa bomu la majaribio kwa siri, huku tungejua?

Kuna uwezekano mkubwa sana, na baadhi ya vyombo viko karibu kuliko watu wanavyodhani. Mtandao wa mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote, wa 1996, una vituo 321 na maabara 16. Kilimambogo kuna kituo cha mitetemo ya ardhi, Nairobi kuna cha sauti nzito zisizosikika na sikio, Dar es Salaam kuna cha kuchuja hewa, na Chagos kuna haidrofoni zinazosikiliza Bahari ya Hindi. Kituo cha hewa hufyonza kwa saa 24, huacha kichujio kitulie saa 24, kisha hukipima kwa saa 24 nyingine. Kaskazi ikivuma, hewa inayofika huko imetoka pande za Uarabuni na India. Kusi ikishika, inatoka baharini kusini.

Mwaka 2006 Korea Kaskazini ilijaribu bomu dogo la chini ya kilotani moja, na vituo zaidi ya 20 vililinasa, ingawa mtandao haukuwa umekamilika. Wiki mbili baadaye gesi ya zenoni ikaonekana Yellowknife, Canada. Mtikisiko peke yake hausemi kama ni nyuklia au baruti nyingi; zenoni ndiyo inayosema.

Mkataba wenyewe bado haujaanza kutumika rasmi. Unataka nchi 44 zilizotajwa kwa majina ziridhie zote. China, Misri, Iran, Israel na Marekani zimetia saini bila kuridhia, Urusi iliondoa ridhaa yake Novemba 2023, na India, Pakistan na Korea Kaskazini hazijatia saini. Kuweka sharti la majina 44 kulimpa kila mmoja wao kufuli, na hilo ni kosa la uandishi linalofaa kuepukwa.

NPT na ule mkataba mpya wa kupiga marufuku silaha zenyewe vinatofautianaje?

NPT, unaotumika tangu 5 Machi 1970, ni mapatano: wasio na silaha wasitafute, wenye nazo wajadiliane kwa nia njema kuzimaliza. Kifungu cha 6 kinachobeba ahadi hiyo ya pili hakina tarehe. Mwaka 1995 mkataba ulirefushwa bila kikomo, na wasio na silaha wakapoteza nguvu yao kubwa ya kushinikiza. Mikutano ya tathmini ya 2015 na 2022 ilimalizika bila waraka wa pamoja.

Mkataba wa marufuku ulipitishwa 7 Julai 2017 kwa kura 122, Kenya ikiwemo, Uholanzi pekee ikipinga na Singapore ikijizuia. Unatumika tangu 22 Januari 2021, na una wanachama zaidi ya 70. Majirani zetu wa Komoro waliridhia mwaka huohuo. Tofauti yake ni kwamba una tarehe: wanachama, walipokutana Vienna Juni 2022, waliweka miaka 10 ya kuteketeza kwa nchi yenye silaha itakayojiunga, na siku 90 za kuondoa zilizowekwa na mwingine. Pia unadai msaada kwa walioathirika na kusafishwa kwa ardhi. Hakuna nchi yenye silaha iliyojiunga. Sisi hatuuoni kuwa mshindani wa hatua kwa hatua. Unaandika mwisho wa njia, na NPT inaandika mwendo, kama START ilivyofanya.

Raia wa kawaida afanye nini Kenya iridhie mkataba fulani?

Kwa Katiba, ibara ya 2(6), mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria ya Kenya. Sheria ya Kutayarisha na Kuridhia Mikataba ya 2012 inaeleza safari yake: waziri husika huupeleka Baraza la Mawaziri, ukikubaliwa hupelekwa kwa Spika wa Bunge la Taifa, kamati inayohusika hukusanya maoni ya umma, Bunge huamua, kisha hati ya kuridhia hutayarishwa na kukabidhiwa mtunza mkataba, ambaye mara nyingi ni Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.

Mwananchi ana nafasi mbili. Ya kwanza ni maoni kwa kamati, tangazo likitoka. Muda huwa mfupi, kwa hiyo andaa maandishi yako mapema na utaje kifungu kwa namba. Ya pili ni ombi chini ya ibara ya 119, ambalo halisubiri tangazo. Liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, lieleze kwamba umeshajaribu mamlaka husika, liseme kama jambo liko mahakamani au la, lihitimishwe kwa ombi moja lililo wazi, na kila mwombaji aweke jina, anwani na sahihi au alama ya kidole gumba. Ombi linaweza kukataliwa kwa kukosa moja kati ya hayo. Karatasi za sahihi nazo ziwe na maneno ya ombi juu ya kila ukurasa. Sahihi zilizokusanywa kwenye karatasi tupu zinaweza kupingwa.